Aliyeitikia Nyuma ya Turubai

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa Mkumbi, ndiye aliyejitwika kazi ya kutueleza tamasha lilivyo, kabla ya lile la Mbamba Bay. Alikuwa amekwenda Songea mara moja tu kumwona msanii wa Bongo Fleva, lakini ukimsikia ungedhani kazaliwa jukwaani. Ofisini kwetu pale Mbinga, wakati wa chai, aliweka kikombe chini akaanza. Ukiambiwa saa nane, tegemea saa kumi. Msanii hashuki na watu wa magitaa wala tarumbeta. Anashuka na begi la mgongoni, na ndani ya begi mna sidii. Usishangae ukimwona ameshusha maiki na wimbo unaendelea, ndivyo wanavyofanya. Usivae viatu vizuri. Na usiende na mzazi wako, akasema, maana kuna maneno mle yatakufanya utamani ardhi ipasuke uingie. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano na sikucheka, kwa sababu nilikuwa nakwenda na mama yangu, na matusi siyo niliyokuwa nayaogopa.

Nilichokuwa nakiogopa ni hiki. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alikuwa amefariki miezi saba nyuma. Mama hakujua. Mimi nilijua, na nilikuwa nimenyamaza.

Ngoja nieleze kabla hujanihukumu, ingawa hata ukinihukumu ni sawa tu, nimeshazoea. Taarifa ilinifikia kwa simu. Miaka ile mtu mmoja Mbinga mjini alikuwa na chumba chenye simu, ukipigiwa unaitwa, unakwenda mbio ukiwa na chaki mkononi. Aliyepiga alisema ni rafiki wa mdogo wangu, walikuwa wakikaa chumba kimoja. Alisema mdogo wangu aliugua muda mrefu, akakataza tusiambiwe, na wameshamzika, zimepita siku tisa. Ugonjwa hakuutaja. Na wakati ule ukiona ugonjwa hautajwi, basi umeshaujua. Wiki hiyo hiyo Mama alikuwa ametoka hospitali kwa presha, na daktari alikuwa ameniambia asipate mshtuko. Nikajiambia, akipata nafuu nitamwambia. Akapata nafuu. Nikajiambia, acha kwanza kahawa iishe. Jamani, Mama hana hata mche mmoja wa kahawa! Yeye ni mtu wa Ngumbo, kule chini Ziwa Nyasa, mtu wa muhogo na dagaa. Kahawa ni yangu mimi niliyeolewa huku juu. Unaona mtu anavyotafuta visingizio.

Kwetu taarifa ya msiba hailali tumboni mwa mtu. Anayeipokea anaifikisha siku ile ile, kwa wazee kwanza, kisha wazee wanaita wanawake wakae na mama wa marehemu, ndipo anaambiwa. Mimi niliilaza miezi saba. Kila nilipoteremka Ngumbo, Mama aliniuliza habari za mtoto wake, nami nikasema mzima, anakusalimia. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya nne nilikuwa naongeza na chumvi: amenenepa, anasema amekumbuka samaki wetu wa ziwani, mbasa wa kuchoma. Haki ya Mungu, kuna siku nilizisema zile salamu vizuri mpaka nikasikia furaha, kana kwamba kweli nimetoka kuongea naye.

Halafu ikaja redio.

Ndiyo kwanza redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kushika huku kwetu, na kutwa nzima ni muziki wa vijana. Wimbo mmoja ulipigwa mpaka ukawa kero. Mwenye wimbo alikuwa kijana wa Dar ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila fulana. Anaghani haraka haraka, halafu katikati muziki wote unazimika, inabaki ngoma peke yake, kinapita kimya kifupi, na sauti nyingine ya kiume inaitikia kwa kuvuta: Nipo, mama, nipo. Ngoma tena, kimya tena. Nipo, mama, nipo. Mara nne, kisha wimbo unaisha.

Ile sauti ilikuwa ya mdogo wangu. Siyo iliyofanana na yake. Yake yeye mwenyewe, na kile kikwaruzo chake cha mwisho wa pumzi.

Na kile kimya, watangazaji walidhani ni mtindo. Mama yangu alikuwa kiongozi wa kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, kwa zaidi ya miaka ishirini, na wimbo wake mkubwa ndio huo. Yeye anaita, "Wanangu, mko wapi?" na waitikiaji nyuma yake wanajibu, "Tupo, mama, tupo." Mdogo wangu alikulia mgongoni mwa Mama katikati ya ngoma hiyo. Huko studio aliimba kuitikia tu. Mahali pa kuita akapaacha tupu, urefu ule ule wa pumzi ya Mama.

Niliteremka Ngumbo mwisho wa mwezi nikamkuta Mama amekaa uani anamenya muhogo, redio iko juu ya kinu kilichopinduliwa. Wimbo ukaingia. Hakuacha kisu. Ilipofika ile nafasi akaita, bila kuinua kichwa, "Wanangu, mko wapi?" Redio ikamjibu. Akaita tena, akajibiwa tena. Ulipoisha akanigeukia anacheka. "Unamsikia anavyojibu kwa wakati? Zamani alikuwa anachelewa huyu." Jirani aliniambia hakosi hata siku moja, wimbo ukipigwa mara sita, ataita mara sita, hata akiwa msalani ataita kutokea huko huko. Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikajifanya natafuta mayai.

Ungenishauri nimwambie saa ile. Ningemwambiaje mtu ambaye ametoka kuongea naye?

Mwaka huo mambo ya kahawa yalikuwa shaghalabaghala. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, na yeyote mwenye lori na mzani alikuwa ananunua. Mmoja wa wanunuzi hao akaamua kuandaa tamasha Mbamba Bay baada ya msimu, na kijana mwenye wimbo akawa ndiye mgeni rasmi wa jukwaa. Gari la matangazo lilipita vijiji vya ziwani likipiga kelele kwamba wote mnaalikwa. Sasa, hapo ndipo watu wetu walipokosea, na nawaelewa. Ziwani ukialikwa kwenye ngoma, huendi kutazama. Mnakwenda kundi zima, mmevaa sare. Mgeni akishaimba, wenyeji mnaingia uwanjani mnamjibu. Kumwacha aimbe asijibiwe ni sawa na kumfungia mlango.

Mama akakusanya wanawake kumi na wawili. Wakafua magauni meupe, wakayapiga pasi ya mkaa, wakawamba ngoma upya. Nikamwambia, "Mama, hili siyo la kwenda na sare. Watu wanasimama, wanatazama, wanaondoka."

"Mwalimu," akasema, maana akitaka kunikera huniita mwalimu, "umekaa sana milimani wewe. Mwenye wimbo anakuja, na mwitikiaji wake atamwacha wapi? Mwitikiaji anasimama nyuma ya kiongozi. Nitakwenda, nitamwona mwanangu."

Niliomba ruhusa shuleni nikaongozana nao, nikiwa na wazo moja tu kichwani: nimfikie yule msanii kabla Mama hajamfikia.

Tuliondoka Ngumbo asubuhi kwa boti ya mashine. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye sufuria. Upande wa Malawi kungu walikuwa wameinuka, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wa nyumba inayoungua. Nimewaona tangu utoto, tumewakamata kwa vikapu, tumewala. Lakini siku ile nguzo zilikuwa tano, zimesimama wima, na muda wote tuliosafiri sikuziona zikisogea wala kupungua. Kila nikigeuka, zipo. Wanawake waliimba njia nzima. "Mwalimu," mmoja akanitania, "hicho kiuno kimekauka kwa vumbi la chaki, leo tutakilainisha!" Nikacheka nao. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa kucheka.

Mbamba Bay niliwaacha kwenye kivuli cha ghala nikaenda gesti. Nilimkuta msanii uani, amevaa kandambili, ana mafua, anachambua miiba ya samaki mmoja mmoja kwa woga. Yaani huyo ndiye aliyekuwa anawatia wazimu watoto wa watu! Kijana mdogo tu, wa kumtuma dukani.

"Shikamoo, dada," akasema, na nikaijua ile sauti. Redioni anaghani mbio mbio, sikuwahi kumtambua. Ilikuwa sauti ya kwenye simu.

Nikamwambia mimi ni dada wa nani. Akaacha kula. "Mimi ndiye niliyekupigia," akasema. "Wakati ule hata wimbo ulikuwa haujatoka. Dada, pole sana. Leo nilikuwa niseme maneno kabla ya ule wimbo. Kila mahali nasema: anayeitikia humu ni marehemu, mtoto wa Ziwa Nyasa. Ndiyo heshima pekee ninayoweza kumpa."

"Leo usiseme. Mama yake yuko hapa na hajui."

"Hajui nini?"

Nikaitazama miiba kwenye sahani yake. Akanitazama. "Miezi saba, dada?"

Nilimjia juu. Nilimwambia asinifundishe namna ya kuishi na mama yangu, kwamba yeye anakula kwa sauti ya maiti, na mengine siyarudii hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akapenga kamasi. Akasema sawa, hatasema neno. Nikaona nimepata upenyo, nikaongeza ombi. "Basi ukifika pale pa kuitikia, fuatisha kwa mdomo, kama unavyofuatisha kwingine. Aone ni wewe."

Akatikisa kichwa. "Hapo siwezi. Nilijaribu Iringa. Nikafungua mdomo, na kabla sauti haijaanza nikasikia mtu anavuta pumzi hapa, pembeni ya sikio. Ile sidii haina pumzi pale, dada, nimeisikiliza mara mia. Tangu siku hiyo ukifika pale nafunga mdomo, navua kofia."

"Usivue kofia."

"Kofia nitavua," akasema, kwa upole, na akarudi kwenye miiba yake.

Mwalimu wa Mkumbi hakukosea. Tuliambiwa saa nane, ikawa saa kumi. Jukwaa lilikuwa malori mawili ya kahawa yaliyounganishwa matako, nyuma yake limetundikwa turubai la bluu kutoka nguzo hadi nguzo, na spika nyeusi mbili kila upande, kila moja na urefu wa mlango. Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wamejaa kuanzia barabarani hadi mchangani, na wale kungu sasa walikuwa wameingia nchi kavu. Walitua kwenye turubai mpaka bluu ikageuka kahawia, wakawa wanatambaa kwenye spika. Muziki ukigonga, wanaruka wote pamoja, kisha wanatua pale pale. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa na kundi lake, ngoma miguuni, shingo ameinyoosha. Alikuwa anachungulia pembeni ya lile turubai.

Kijana akapanda. Makelele! Aliimba wimbo wa kwanza, wa pili, anaruka, anashusha maiki na sauti inaendelea kama tulivyoonywa. Wasichana walilia. Nikaanza kupumua.

Halafu muziki ukazimika, ikabaki ngoma.

Mama alikuwa ameshasimama. Wanawake wake wakaingia uwanjani kwa mistari miwili, weupe pe, wakianza na mguu wa kushoto kama kawaida yao. Watu wakacheka, wengine wakapiga miluzi. Mgambo mmoja akataka kuwazuia, kijana akamwashiria kwa mkono awaache. Akavua kofia akaiweka kifuani, akafunga mdomo.

"Wanangu, mko wapi?" Mama aliita bila maiki, na nadhani hata boti zilizokuwa majini zilimsikia.

Wanawake nyuma yake hawakuitikia. Walimwachia mwenye sauti ajibu mwenyewe. Na katika ule upenyo mdogo, niliposimama, pembeni ya sikio langu la kulia, mtu alivuta pumzi. Niligeuka. Hapakuwa na mtu karibu.

"Nipo, mama, nipo."

Spika zote nne. Sauti ya mdogo wangu, kubwa kuliko nilivyopata kuisikia alipokuwa hai, ilipita juu ya vichwa vyetu ikaelekea ziwani. Kicheko kilikatika uwanja mzima. Niliona watu wanageuza shingo huku na huku wakitafuta mdomo unaoimba, na midomo yote ilikuwa imefungwa, wa msanii, ya wanawake, na wangu. Mtoto mmoja alianza kulia akijificha kwenye khanga ya mama yake. Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu.

"Wanangu, mko wapi?"

"Nipo, mama, nipo."

Sasa akaanza kucheza kuelekea jukwaani. Alicheza mpaka kwenye magurudumu ya lori, akalizunguka, akashika pindo la turubai. Nilikimbia. Nilisukuma watu, kiatu kimoja kikabaki huko, na nilipomfikia alikuwa ameshaingia.

Nyuma ya turubai palikuwa na jenereta, makreti ya soda, na fundi mitambo aliyeketi juu ya kreti anakula muhogo wa kukaanga. Mbele yake kwenye meza palikuwa na mashine ya sidii yenye taa ndogo nyekundu. "Shikamoo, mama," fundi akasema. Mama hakumwitikia. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Akainama, mtu mzima yule, akachungulia chini ya lori. Ngoma ikapiga kwa mara ya tatu, ikaja ile nafasi, na Mama, akiwa bado ameinama, hakuita.

"Nipo, mama, nipo."

Akanyanyuka polepole. Alikuwa hajawahi kuiacha nafasi ile tupu, hata siku moja, kwa hiyo hakuwa amewahi kusikia anachosikia mtu mwingine yeyote kwenye ule wimbo: kwamba hata asipoitwa, anajibu. Aliitazama mashine. Kisha akanitazama mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini nilijua kwamba umeshasema.

Ngoma ikapiga mara ya nne. Safari hii aliita, siyo kwa sauti ya uwanjani. Aliita taratibu, kama unavyomwita mtoto ambaye hujui kama amelala au la. Akajibiwa, na wimbo ukaisha.

"Lini?" akaniuliza.

"Mwezi wa tatu."

"Aliyepokea taarifa ni nani?"

"Mimi, Mama."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Alinishika kifundo cha mkono akanipandisha ngazi za lori mpaka jukwaani, nikiwa na kiatu kimoja, mbele ya watu wote wale. Kule chini wanawake wake walikuwa wanajifuta jasho na kucheka, wakituona tumepanda wakapiga vigelegele. Mama akamwambia kijana, "Baba, mpe hicho." Kijana akanipa maiki.

"Uliipokea wewe," Mama akaniambia. "Ifikishe."

Nimefundisha miaka mingi, sauti ya kusimama mbele za watu ninayo. Nikataja jina la mdogo wangu, jina la baba yetu, jina la kijiji, kama inavyotakiwa. Nikasema amefariki Dar es Salaam mwezi wa tatu na amezikwa huko. Sauti yangu haikutoka kwangu. Ilitoka kwenye spika nyuma yangu, imechelewa kidogo, kana kwamba kuna mwanamke mwingine nyuma ya turubai anayerudia kila ninachosema, na anakisema kwa ujasiri kuliko mimi. Kungu waliruka kutoka kwenye spika wote kwa pamoja. Vigelegele vilikatika. Yule aliyenitania kwenye boti aliweka mikono kichwani, ukapigwa ukunga mmoja, kisha wakalia wote, na watu ambao hawakumjua mdogo wangu hata kwa sura wakalia nao.

Mama hakulia. Alikuwa amesimama karibu yangu, karibu mno na maiki, na nadhani hakujua. Alichokisema alinisemea mimi tu, kwa sauti ya chini, ya nyumbani, na spika zikakichukua zikakipeleka uwanja mzima hadi majini.

"Muda wote huu namwita huku nacheka," alisema. "Ulitaka niite mpaka lini?"

Kila mtu alinitazama akingoja. Maiki ilikuwa mkononi mwangu, imewaka, nami nikaanza kuitafuta swichi yake kwa kidole.